Kumwachilia nduaro: kazi yote iko kwenye dakika tano za mwisho

Wadau, habari za jioni. Ndugu aliyefungua uzi huu ameuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, ameona video za Australia, watu wamekodi boti, wanapambana na nduaro, samaki mzito kuliko ng'ombe wa kwetu, halafu wakishamfikisha ubavuni wanamwachilia aende zake. Anauliza, hiyo si kufuru, kutupa chakula cha kijiji kizima? La pili, yeye na wenzake watatu wa pale kazini Industrial Area, Nairobi, wanataka kukodi boti Watamu, pwani ya Kenya, Desemba hii, na hawajui wamuulize nini mwenye boti. Nimesoma majibu yaliyotangulia. Mengi yametoka kwa watu ambao hawajawahi kuushika ule mshipi mzito wa mwisho wenye ndoana, ambao sisi tunauita lida. Mimi nimeushika miaka kumi na miwili, kwa hiyo naomba mnivumilie, jibu langu ni refu.

Leo naishi Umoja na natengeneza friji, lakini nimezaliwa Timboni, Watamu. Niliingia kwenye boti za wageni 2003 nikiwa wa kusugua sitaha, nikapanda hadi nikawa baharia wa tezi, yule anayemshika samaki na kumtia tagi, ile alama ya kumtambulisha akivuliwa tena. Mwaka 2013 mteja wetu mmoja aliyekuwa na boti Cairns, Australia, alinichukua nikafanye naye kazi msimu mzima. Kwa hiyo zile video, mimi nimekuwa ndani yake.

Majina kwanza, maana naona yanachanganywa. Kwetu nduaro ni yule wageni wanayemwita marlin. Yuko mweusi, yuko wa buluu, yuko wa mistari. Sulisuli ni ndugu yake mdogo, mwenye pezi la mgongoni kama tanga la dau. Sehemu nyingine za mwambao majina haya yanapishana, kwa hiyo ukifika ufukweni msikilize mwenyeji.

Sasa Australia. Great Barrier Reef ina urefu wa zaidi ya kilomita 2,300, lakini nduaro wakubwa hawafuatwi kila mahali. Wanafuatwa ukingo wa nje, kuanzia usawa wa Cairns kupanda kaskazini mpaka Lizard Island, kwenye safu ya miamba kumi inayoitwa Ribbon Reefs. Pale mwamba unakatika kama ukuta. Upande huu unaona matumbawe na povu la mawimbi, upande ule maji yameiva buluu na kina kinakwenda mamia ya mita. Kati ya Septemba na Desemba nduaro weusi wanakusanyika hapo kutaga. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dume la nduaro mweusi ni samaki wa wastani tu, ni nadra kumpata akizidi kilo 200. Ukiona wa kilo 300 au 400, huyo ni jike. Wale wa kwenye video ni mama waliokuja kuzaa, kila mmoja ana mamilioni ya mayai tumboni.

Hapo ndipo jibu la swali la kufuru linapoanzia. Uvuvi ule ulipata jina 1966, pale boti ya Mmarekani mmoja aliyehamia Cairns, George Bransford, ilipoleta nduaro mweusi wa ratili 1,064, yaani kama kilo 483. Baada ya hapo watu walimiminika kutoka kila pembe ya dunia kutafuta aliyefika ratili elfu. Miaka ile samaki aliletwa gatini, akaning'inizwa kwa mkia, akapigwa picha. Siku hizi karibu wote wanaachiliwa, na tangu 1998 sheria ya Australia inamkataza hata mvuvi wa biashara kubaki na nduaro mweusi au wa buluu. Rekodi ya dunia ya nduaro mweusi haijavunjwa tangu Agosti 1953, huko Cabo Blanco, Peru. Ilikuwa ratili 1,560, zaidi ya kilo 700.

Kuhusu chakula, sitaki kumdharau aliyeuliza. Nilipokuwa mtoto tulisimama ufukweni tukisubiri boti zirudi, na nduaro akishaning'inizwa na kupigwa picha, kila nyumba ilipata kipande. Bibi yangu alikipika kwa nazi na ukwaju. Mvuvi wa dau anayemvua kwa mshipi wake ili alishe watoto, sina neno naye. Lakini samaki huyu akiwa mkubwa hivyo amekula samaki wengine maisha yake yote, na zebaki yao yote, ambayo ni sumu, imebaki kwenye nyama yake. Wataalamu wa afya wa Marekani wanawaambia wajawazito na watoto wasimle kabisa. Kwa hiyo mama wa kilo 400 si kitoweo cha kijiji kama tunavyodhani. Mtu wa Nairobi anayetaka samaki mwema wa bahari amtafute nguru au jodari mdogo.

Ila kumwachilia siyo kukata mshipi tu. Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri.

Kule Cairns siku ilianza na chambo. Asubuhi tulivua samaki wa chambo, wengine urefu wa mkono mzima, tukawashona midomo wasijae maji na kusokotana. Boti nyingi zinalala hukohuko nyuma ya mwamba siku kadhaa, hazirudi mjini. Karibu na adhuhuri ndipo tulipotoka kwenye ukingo, kwa sababu nduaro wa pale wanakula zaidi mchana kuelekea jioni. Tulikokota chambo viwili tu, kimoja kinaogelea chini kidogo, kingine kinarukaruka juu ya maji, boti ikienda taratibu sambamba na mwamba. Kwetu Watamu tunakokota vitu vingi zaidi, na mishipi yetu ni myembamba kuliko ile. Ile ya kule ni ya ratili 130, yaani inahimili mvuto wa uzito huo kabla ya kukatika.

Watu wa nje wakiuona mshipi mnene wanadhani ni uonevu kwa samaki. Ni kinyume chake. Mshipi mnene na nahodha anayejua kurudisha boti kinyumenyume kumfuata samaki vinamaliza pambano mapema. Nduaro anapumua kwa kuogelea, mdomo wazi, maji yapite kwenye matamvua. Ukimchosha saa tatu kwa mshipi mwembamba ili upate sifa, misuli yake inajaa asidi, na hata ukimwachilia anashuka chini kufa mahali usipomwona. Mkubwa kuliko wote tuliompata msimu ule alifika ubavuni kwa dakika thelathini na tano. Nilijifunga lida kwenye glavu mizunguko miwili, ile inayoweza kufunguka yenyewe mkono ukilegezwa, maana wapo mabaharia waliovutwa majini hivi hivi na hawakurudi. Alikuja juu upande wa kushoto. Jicho lake lilikuwa kubwa kama kisahani cha chai, na lilikuwa linanifuata. Ubavu mzima ulikuwa unawaka buluu, rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu kingine chochote. Mwenzangu akamchoma tagi begani, chini kidogo ya pezi la mgongo, mimi nikakata karibu na ndoana, nahodha akasogeza boti mbele polepole huku nimemshika mdomo mrefu kwa mikono miwili. Nikahisi nguvu zinamrudia kwenye viganja vyangu kabla sijaona chochote. Akatikisa kichwa mara moja, nikaachia.

Tulimkadiria ratili 950. Mkitaka kujua inakadiriwaje akipimwa, chukua urefu kwa inchi, kutoka ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia, zidisha kwa mzingo wa kiwiliwili mara mzingo tena, gawanya kwa 800, unapata ratili. Samaki wa inchi 130 mwenye mzingo wa inchi 78 anatoa kama 988. Akiwa majini yu hai humpimi hivyo, unakisia kwa jicho, na jicho linajifunza.

Sasa niseme lililonifanya niandike haya yote. Miaka minne kabla ya hapo, Watamu, kwenye boti ambayo siitaji, tulipata nduaro wa mistari, kama kilo 90. Mteja alitaka picha amempakata. Nahodha akakubali. Tukamvuta watu wanne juu ya ukingo, tukamlaza kwenye sitaha iliyokuwa imechomwa na jua tangu asubuhi. Samaki huyu mwili wake haukuumbwa kubeba uzito wake mwenyewe, ni maji yanayombeba. Alipiga mkia mara kama sita, halafu akatulia. Ile mistari ya buluu ikazimika mmoja mmoja, nikiangalia, mpaka akabaki rangi ya shaba iliyochakaa. Picha ya kwanza haikutoka vizuri, ikapigwa ya pili, ikapigwa ya tatu. Tulipomrudisha majini alishuka kichwa chini, tumbo jeupe likageukia juu. Hakupiga mkia. Kisha nikapewa kadi ya tagi, ile ya kuandika taarifa za samaki aliyeachiliwa, nijaze, na sehemu ya hali ya samaki nikaambiwa niandike kwamba ameondoka vizuri. Nikaandika. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, sikutaka kupoteza kibarua. Lakini kadi zile zinakwenda kwa watu wanaozitegemea. Shirika la African Billfish Foundation lipo hapohapo Watamu, na kwa zaidi ya miaka 30 limekuwa likikusanya taarifa hizi za nduaro na sulisuli wa upande wetu. Nimelipa shirika hilo uongo kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nimeubeba mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu yangu, swali lako la pili nalijibu hivi. Usimuulize mwenye boti amevua wangapi. Muulize akimfikisha samaki ubavuni anafanya nini. Akikwambia mtampandisha mpige naye picha, tafuta boti nyingine. Picha inapigwa samaki akiwa majini, mtu mmoja ameinama na kamera, inatosha kabisa. Muulize kama kwenye chambo halisi anatumia ndoana za duara, zile ambazo incha yake imegeukia ndani. Hizo zinashika pembeni ya mdomo, wakati ndoana ya kawaida inaweza kumezwa mpaka tumboni. Ila ndoana ya duara inakutaka utulie. Mshipi ukivutwa usiurushe nyuma kwa nguvu kama unavyoona kwenye video, acha ukaze wenyewe polepole. Vijana wa Nairobi wengi wanampoteza samaki hapo kwa papara. Muulize pia kama anazo tagi na kadi ndani ya boti, siyo nyumbani. Na mwambie wazi, kabla hamjalipa, kwamba nduaro na sulisuli mnataka waachiliwe, ila nguru, jodari na felusi mtakula. Kwenye boti nyingi nyama ni ya boti, kwa hiyo hilo la kugawana likubaliwe mapema pia.

Desemba ni kaskazi na sulisuli wanakuwa wengi, kwa hiyo nafasi yenu ya kumwachilia mmoja ni nzuri kuliko ya kumpata nduaro mkubwa. Msivunjike moyo kwa hilo. Boti zinatoka mapema asubuhi na zinapita hifadhi ya bahari ya Watamu kwenda nje, na ndani ya hifadhi hiyo, iliyotengwa tangu 1968, hakuna kuvua. Mtu akikushawishi mtupe mshipi kidogo hapo njiani, kataa. Mnaweza kupanda treni ya SGR hadi Mombasa, mshike matatu ya Malindi, mshuke Gede, kisha tuktuk. Msile mayai ya kukaanga asubuhi ile. Kuleni mkate mkavu na tangawizi, na macho muyaweke kwenye upeo wa bahari, siyo kwenye simu.

Na mkimtia tagi, kadi ombeni mjaze nyinyi wenyewe. Saa, mahali, makadirio ya uzito, aina. Akiondoka kwa nguvu andikeni hivyo. Akishuka tumbo juu, andikeni hivyo pia, hata kama nahodha amekunja uso.