Muulize Somo: Nimealikwa ritriti ya uyoga Uholanzi, niende nisiende?

Shikamoo Somo. Mi ni mtu wa Tanga ila naishi Rotterdam, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mama yangu alifariki mwaka jana na sikuweza kwenda manake kibali changu kilikuwa kimeisha na kipya hakijatoka, ningetoka nisingeweza kurudi, na watoto niwaache na nani, basi msiba nikauona kwa WhatsApp, binamu yangu kashika simu, mtandao unakata, picha ikaganda kwenye kandambili za watu pale barazani, hiyo ndo nliyobaki nayo. Tangu siku hiyo sijalia Somo. Nafanya kazi, napika, nacheka na watu, ila ndani ganzi tupu, na saa tisa usiku macho kodo. Daktari kanipa sertraline, dawa ya sonona, usingizi umerudi kidogo lakini ganzi iko palepale. Sasa kuna mwenzangu kazini, Mdachi, mama mtu mzima mstaarabu tu, kanambia alienda ritriti ya trufeli, vinundu vya ule uyoga wa kugeuza akili, wanakulaza kwenye godoro na muziki na wasimamizi, akamlilia baba ake aliyekufa zamani mpaka akachoka, karudi mwepesi. Anataka twende wote mwezi wa tano, siku tatu, euro 1,350 na chakula juu. Nimewaandikia, wamenijibu niache dawa wiki mbili kabla, basi. Mume wangu hajui, nikimwambia atasema nimeanza madawa ya kulevya. Na mimi nasali Somo. Je sheria inaruhusu? Ntarukwa na akili? Niende?
Mwana Tanga, Rotterdam

Marahaba mwanangu, pole sana na Mungu amrehemu mama. Nianze na hilo la kuacha dawa manake hapo ndo niliposhtuka, mengine tutayafikia. Watu wa ritriti wanataka uache kwa sababu dawa za sonona kama hiyo yako zinagusa mlemle kwenye ubongo ambamo trufeli nazo zinagusa, kwenye serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na mtu akiwa anameza dawa hizo, mara nyingi anakula trufeli zao anakaa pale anaangalia dari, hasikii kitu cha maana, afu analalamika pesa yake. Sawa, nimewaelewa. Lakini sertraline haiachwi kama unavyoacha chai. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, vishtuko kichwani kama vya umeme, usingizi ukakukimbia, na ile sonona iliyokuwa imetulizwa ikarudi na ndugu zake, na yote hayo yakukute ndani ya wiki hizo mbili kabla hata hujafika kwenye godoro lao. Dawa inapunguzwa kidogokidogo, na anayepanga inapunguzwaje ni yule aliyekuandikia. Mtu ambaye hajakuona, hajui unameza miligramu ngapi, hajui kwenu nani aliugua nini, anakuandikia mstari mmoja kwenye imeili “acha dawa wiki mbili”, huyo mimi simpi mtu wangu amlaze hata kwa dakika kumi.

Haya, sheria. Hapo Uholanzi uyoga wenyewe ulipigwa marufuku tarehe 1 Desemba 2008, hata ule mbichi, mwaka mmoja na zaidi baada ya binti wa Kifaransa wa miaka 17 kuruka kutoka juu ya jengo Amsterdam akafa, na kabla ya hapo alikuwa amekula uyoga. Ila orodha ya marufuku ilitaja uyoga, haikutaja trufeli, yaani vile vinundu vigumu ambavyo uyoga huohuo unavitengeneza chini ya udongo. Kilichomo ni kilekile, psilosibini, ndiyo inayogeuza akili, lakini kinundu kimebaki halali na kinauzwa madukani, ndo maana watu wanatoka nchi za jirani na mabegi yao kuja kulala kwenye nyumba za mashambani huko kwenu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, huvunji sheria. Lakini elewa pia kwamba uhalali huo ni wa kinundu, si wa mtu anayekupa. Kule Oregon, Marekani, wananchi walipiga kura Novemba 2020 na huduma zikaanza 2023, msimamizi lazima asome, apewe leseni, akuhoji kabla, na kama umetumia lithiamu, ile dawa ya baipola, ndani ya siku 30 hakupokei. Colorado nao wakapiga kura yao 2022. Australia tangu Julai 2023 daktari bingwa wa akili aliyeidhinishwa anaweza kumwandikia psilosibini mgonjwa ambaye sonona yake imekataa dawa. Uholanzi mtu yeyote mwenye nyumba nzuri, magodoro na spika anaweza kujiita msimamizi, wapo waliosomea uuguzi na saikolojia wanaofanya kazi safi kabisa, na wapo ambao wao wenyewe walikula mara kadhaa wakaona nuru wakafungua biashara.

Umeuliza utarukwa na akili. Ntakwambia inavyokuwa. Wanazisaga au mnazitafuna, chachu na chungu, wengine wanazitia kwenye chai ya tangawizi ili zishuke. Baada ya nusu saa mpaka saa moja mwili unaanza, miayo, baridi, kichefuchefu (ndo maana utaona ndoo pembeni ya kila godoro), moyo unaenda mbio na presha inapanda, kwa hiyo mwenye moyo mbovu au presha isiyoshikika akae mbali. Unafunikwa macho kwa kitambaa, muziki unapigwa, na kwa saa nne mpaka sita akili inapita inakotaka. Kuna wanaowaona marehemu wao, kuna wanaolia, kuna wanaocheka, na kuna wanaoshikwa na hofu ya kufa. Mwaka 2006 chuo cha Johns Hopkins walichapisha utafiti wa watu 36 wazima wasio na ugonjwa, wengi wakasema ile siku ni kati ya siku zenye maana kubwa kabisa maishani mwao, lakini karibu theluthi moja ya haohao walipitia hofu kali katikati, na hapo walikuwa wameandaliwa wiki kadhaa na watu wawili wamekaa nao chumbani. Sasa jiulize nyumba yako hiyo ya euro 1,350 ina magodoro mangapi na wasimamizi wangapi.

Kurukwa kabisa, kwa watu wengi hapana, inapita na mtu anarudi. Ila kuna watu wachache ambao inawafungulia mlango usiofungika kirahisi, nao ni wale wenye historia ya kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, skizofrenia, baipola, wao au mzazi au ndugu wa tumbo moja. Na kwetu hapa kuna tatizo mana majina hayo hatuyatumii, tunasema fulani alikuwa na pepo, mjomba alipandisha, shangazi alirogwa akawa anatembea usiku. Kwa hiyo ukiulizwa kwa Kidachi kama kwenu kuna ugonjwa huo utasema hakuna na utakuwa hujadanganya. Piga simu Tanga, uliza mama wakubwa vizuri, uliza kwa maneno yetu.

Mwenzako hajakudanganya kwamba kuna kitu, nisije nikaonekana napinga tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Novemba 2022 ulichukua watu 233 wenye sonona iliyokataa dawa, wengine wakapewa miligramu 25 za psilosibini mara moja, wengine 10, wengine miligramu moja tu ambayo ni kama kudanganyiwa. Wiki ya tatu, waliopata 25 asilimia 29 sonona ilikuwa imewaachia, waliopata moja asilimia 8. Ni tofauti ya kweli hiyo. Ila geuza uangalie upande wa pili, kati ya kila watu kumi waliopata dozi kamili, saba bado walikuwa nayo, na ilipofika wiki ya 12 nguvu ilikuwa imepungua, na wapo walioingiwa na mawazo ya kujiua baadaye wakahitaji kuangaliwa. Hao walikuwa mikononi mwa madaktari. Mwenzako kakuhadithia mara moja, na waliorudi hovyo hawahadithii kazini wakati wa kahawa.

Wale Wamazateki wa milima ya Oaxaca, Mexico, waliokuwa na huu uyoga kabla ya Mzungu yeyote kuujua, hawakuwa wanaenda nao ritriti. Alikuwepo mganga wao Maria Sabina, wa Huautla, mgonjwa analetwa usiku na jamaa zake, anaimbiwa mpaka alfajiri, na watu wake wamekaa palepale. Mwaka 1955 akamruhusu Mmarekani mmoja, Gordon Wasson, aliyekuwa mtu wa benki, na 1957 yule bwana akaiandika kwenye gazeti la Life, wageni wakafurika kijijini, na wanakijiji wakamlaumu yule bibi mpaka nyumba yake ikachomwa. Nakutajia kwa sababu ya hawa jamaa waliokaa palepale. Wewe utaamka kwenye hilo godoro, umefunguka kifua wazi, na wote waliokuzunguka unawajua kwa jina la kwanza tu, Jumapili saa nane wanakupakia kwenye treni, Jumatatu una zamu.

Kwa hiyo ukitaka kuendelea, waandikie tena hao watu, na safari hii uliza wewe. Nani anakagua dawa zangu na historia yangu, ana taaluma gani? Mtu mmoja anaangalia wangapi? Mtu akizidiwa mnafanya nini, mnapiga 112, namba ya dharura, au mnamwimbia? Kuguswa mnakubaliana vipi, kabla, si wakati mtu hajitambui (hili usione aibu, wako wanawake waliofanyiwa ubaya na wasimamizi wakiwa katika hali hiyo). Baada ya wiki mbili nikianguka nampigia nani? Na tazama wao wanakuuliza nini. Nyumba nzuri inakuchosha kwa maswali na wakati mwingine inakukatalia kabisa. Hii yako kwa huo mstari mmoja imeshajieleza, mwezi wa tano usiende.

Badala yake rudi kwa huisarts wako, yule daktari wako wa familia, ukamwambie ganzi haijaondoka, usimwambie “naendelea vizuri” kama tulivyozoea. Pengine dawa inabadilishwa, na hiyo ganzi nyingine wakati mwingine inaletwa na dawa zenyewe, hilo lazima alijue. Na palepale kwake kuna mtu wa mambo ya akili wanamwita POH-GGZ, ukimwona huyo hukatwi eigen risico, ile pesa ya mwanzo unayojilipia kabla bima haijaanza kulipa, yaani bure.

Mumeo mwambie. Si kwa kuomba ruhusa, bali kwa sababu anayelala kitanda kimoja na wewe saa tisa usiku ndo wa kwanza kujua kama mambo yameharibika. Kuhusu dini, mi si mufti, muulize sheikh unayemwamini, ila ukimuuliza usiseme “dawa ya mitishamba”, mweleze kama nilivyokueleza mimi, saa nne mpaka sita akili haiko mikononi mwako.

Afu kuna hili, nalisema kama mtu wa pwani mwenzako. Ungekuwepo Tanga siku ile makaburini usingekwenda, wanaume ndo wangembeba mama. Wewe ungekuwa ndani na wanawake, kwenye mikeka, unamenya vitunguu, mtu anaanza kusimulia mama alivyokuwa mkali, mnacheka, mara mmoja anaangua kilio na nyote mnafuata. Hicho ndicho ulichokosa na mtandao haukuweza kukuletea. Waswahili Uholanzi wamejaa, omba dua ya mama isomwe kwako, pika pilau, waite, hata wasiomjua, na dada zako wawe kwenye simu. Na kibali kikitoka nenda nyumbani, hizo 1,350 zinatosha tiketi.

Somo mambo vipi. Niko Arusha, kaka angu yuko Utrecht anakuja likizo, nimemwambia anibebee trufeli pakiti mbili, si zinauzwa na risiti? Mke wangu ana mawazo sana tangu mimba iharibike. Au kama noma, masika hii uyoga si umejaa tu porini?
Baba Junior, Arusha

Risiti ya Utrecht inaishia Utrecht baba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 umeiweka psilosibini kwenye kundi lake kali kuliko yote, na hapa Tanzania kaka ako akikutwa nayo uwanja wa ndege anaulizwa kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015, si kwa sheria ya mboga. Huo wa porini ndo usiuguse kabisa, ipo aina ya uyoga ambayo sumu yake haifi hata ukichemsha, mtu anakula jioni anasifia, kutapika kunaanza baada ya saa sita mpaka kumi na mbili wakati ini limeshaanza kuliwa.

Na mbona kwenye barua yako yote sijaona mkeo amesema nini? Mimba iliyoharibika inaliliwa kama msiba mwingine, na hospitali ya mkoa ina kitengo cha afya ya akili, nendeni wawili. Kabla ya hapo mpe simu aniandikie mwenyewe.