Unaanza kuandika hati za Kichina kwa brashi? Weka karatasi kando kwanza

Wengi wetu tulianza na karatasi nyeupe na kitabu cha kunakili. Mimi nilikaa hivyo miezi kadhaa, mkono mzito kama wa mtu anayepaka rangi ukuta. Kilichonifungua ni kibao cha mwanzi au mbao. Kabla ya mwaka 105 BK, ofisa Cai Lun alipopeleka karatasi yake ikulu, barua za China ziliandikwa zaidi kwenye mianzi na mbao, na hariri kwa mwenye nayo.

Pasua mwanzi, vipande vya upana wa kidole. Usirudie kosa langu la kutumia mwanzi mbichi: wino ulijikusanya matone kama maji juu ya jani la mgomba, nikafuta, nikarudia, mwisho vidole ndivyo vikawa vyeusi. Wachina wa kale waliupasha moto kwanza mpaka utoe jasho, na hapo hata wadudu hawakuushambulia kwa urahisi. Andika upande wa ndani. Brashi isimame wima, wino uwe mzito kidogo, maana ukiwa mwepesi hutambaa na nyuzi za mti na mstari wa kushuka unapotea. Ukikosea, kwangua kwa kisu. Makarani wa Qin na Han, tawala za kale za China, walikuwa na kisu cha kazi hiyo, na jina lao likawa watu wa kisu na brashi.

Sasa unakili nini? Achana na maandishi ya mawe ya kumbukumbu kwa sasa, yamenyooka mno. Tafuta picha za barua mbili za askari wa Qin zilizofukuliwa Shuihudi, mkoani Hubei, miaka ya 1970. Ni za ndugu wawili, Heifu na Jing, waliomwandikia kaka yao Zhong wakiwa vitani, karibu mwaka 223 KK. Kibao cha Heifu kina urefu wa sentimita 23 na kitu, kimeandikwa pande zote mbili. Anamuulizia mama, kisha anaingia kwenye shida: kama kitambaa huko nyumbani ni rahisi, mama amshonee nguo nyepesi za majira ya joto, kama ni ghali, watume hela tu atanunua huku. Jing ndiye kiboko. Ametumia hela za mtu, nyumbani wasipotuma amekufa, halafu anaandika "haraka" mara tatu mfululizo. Mimi hayo maneno matatu nimeyanakili zaidi ya chochote kingine.

Kata kibao cha kipimo hichohicho, andika barua yako ya kweli, pande mbili, basi. Salamu ndefu zitakumalizia nafasi.

Hariri ingoje, ni ghali. Mtu mmoja wa enzi ya Han aitwaye Yuan aliitumia, barua yake ikapatikana Xuanquan karibu na Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China. Anamwagiza rafiki amnunulie viatu, anataja mpaka urefu wake, halafu anaongeza brashi 5, ziwe nzuri.