Star Wars na The Lord of the Rings: si lazima umuache mmoja

Ndugu yangu, unasema umekulia filamu za Star Wars, sasa The Lord of the Rings imekuteka, na wenzako wanakuita msaliti. Hujamsaliti mtu. Mnachokosea ni namna ya kuzilinganisha.

Anza na trilojia ya kwanza ya Star Wars: 1977, 1980 na 1983. Zote tatu zina urefu wa kama saa 6 na robo, Jumamosi moja inatosha. Zile za 1999 hadi 2005 ziache kwanza, hata kama matukio yake yanatangulia. Zitakufichulia siri ya Darth Vader, yule adui mkuu, na lile pigo la mwisho wa filamu ya pili litapoa kabisa.

The Lord of the Rings (2001 hadi 2003) ni zaidi ya saa 9, na toleo refu linapita 11. Usiibane siku moja! Ukiifikia ya tatu macho mazito, ile mioto ya ishara inayowashwa kilele hadi kilele utaiona milima tu, wakati ndiyo kilio cha watu wanaoomba msaada.

Kisha pimeni filamu ya pili kwa ya pili. Hapo ndipo pagumu, maana haina mwanzo wala mwisho wake: Luke, shujaa wa Star Wars, anakatwa mkono na kushindwa; Helm's Deep, ngome ya kwenye The Lord of the Rings, inashikiliwa usiku kucha kwenye mvua. Oscar 11 za The Return of the King, ile ya tatu ya The Lord of the Rings, msizitumie kama rungu. Star Wars nayo ilibadilisha kazi ya madoido maalumu ya picha (special effects) kwa filamu zilizofuata, The Lord of the Rings ikiwemo.