Kuendesha BOINC kwenye kompyuta zisizo na intaneti

Ndugu, umeuliza kama kompyuta zako tatu zisizo na intaneti zinaweza kuendesha BOINC, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo hutumia kompyuta za watu wa kujitolea kufanya kazi za hesabu za miradi ya kisayansi. Zinaweza, kwa kuwa kwa kawaida mtandao huhitajika wakati wa kupokea kazi na kurudisha majibu tu.

Ikiwa zimeunganishwa kwa kebo na kompyuta nyingine yenye intaneti, weka seva ya proksi (programu inayopitisha mawasiliano ya mtandao kwa niaba ya kompyuta nyingine) kwenye hiyo moja, kisha uandike anwani yake katika mipangilio ya BOINC ya zile tatu.

Zisipokuwa na muunganisho wowote, utabeba kazi kwa flashi, jambo ambalo, nikiri, linachosha haraka. Funga BOINC kabisa, nakili folda yake nzima ya data hadi kwenye kompyuta yenye intaneti inayotumia mfumo endeshi uleule, simamisha ukokotoaji hapo, pokea kazi, kisha uirudishe folda. Kila mashine iwe na folda yake, kwani faili la client_state.xml hubeba utambulisho wake, na folda moja ikitumika kwenye mashine mbili, kazi zilezile zitafanywa mara mbili bure. Epuka pia miradi yenye muda mfupi wa kurudisha majibu: jibu likichelewa, kazi hupewa mwingine.