Maswali ya Walimu: Kitambaa cha Gome, Buganda na Tonga

SWALI: Nafundisha kidato cha kwanza, wanafunzi 72. Muhula uliopita tulifanya siku ya tamaduni za dunia: bendera, mavazi, vyakula. Nilipowauliza baadaye wamejifunza nini, wengi walijibu, "Wachina wanakula nyoka." Nilikosea wapi?
Mwalimu, Masaka

JIBU: Mwalimu, nchi zilikuwa nyingi mno kwa siku moja. Bendera na sahani ya chakula humwonyesha mtoto kwamba watu wanatofautiana, lakini hazimwambii kwa nini, na pengo hilo hujazwa na uvumi wa mtaani. Safari hii chagua kitu kimoja kinachotengenezwa na watu wa kwenu na pia na watu wa mbali. Kwa Masaka, sisi tungechagua lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Buganda.

Nunua kipande cha sentimita 30 kwa 40, ukikate miraba 12 ya sentimita 10, kila kundi la wanafunzi sita lipate mmoja. Dakika 10 za mwanzo usiguse historia. Wauweke mraba kando ya mkono wa sare na watazame kwa karibu. Sare ina nyuzi zinazopishana, moja juu, moja chini. Kwenye lubugo hazipo: ni nyuzinyuzi za gome zilizotandazwa kwa nyundo ya mti. Anayeandika "kizuri" au "cha kizamani" mrudishe kwenye kitambaa: rangi gani? Kigumu wapi, laini wapi?

Kisha chora jedwali la safu mbili, Buganda na Tonga, ufalme wa visiwa katika Bahari ya Pasifiki. (Wanaotumia intaneti uwaonye: Watonga wa Zambia ni watu wengine.) Uliza: mti gani, nani hutengeneza, vipi, hutumika lini? Huku Buganda, gome la mti uitwao mutuba hubanduliwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba, na mti huota gome jingine. Mafundi ni wanaume. Wa ukoo wa Ngonge ndio walioihudumia familia ya kifalme. Kule Tonga, aina ya mforosadi hukatwa ungali mwembamba, na wanawake hupiga gome lake la ndani, hubandika vipande kwa uji wa wanga, kisha huchora michoro ya kahawia na nyeusi. Kitambaa hicho hukiita ngatu.

Usikimbilie kuwaeleza. Waulize kwa nini ngatu hubandikwa hivyo, uwaache wabishane dakika 10. Jibu limo kwenye mti wenyewe: shina jembamba hutoa utepe mwembamba, kwa hiyo shuka kubwa haipatikani bila kuunganisha vipande vingi.

Mambo huharibika kwenye uandishi. "Watonga huvaa magome" ni sentensi mbaya, maana leo Tonga na Buganda watu huvaa nguo za dukani kila siku. Watake wataje nani na lini: "Wanawake wa Tonga hutoa ngatu harusini na msibani." Sentensi isiyo na hayo isipate alama.

Jambo moja zaidi: lubugo hufungiwa maiti, na baadhi ya watoto huogopa kukigusa. Watangazie siku moja kabla. Asiyetaka aangalie cha mwenzake. Mwalimu mkuu akihoji, mwambie UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008.

SWALI: Nina wanafunzi watatu kutoka Sudan Kusini. Niwaombe wasimulie utamaduni wao?
Mwalimu, Adjumani

JIBU: Tafadhali usiwasimamishe mbele ya wenzao. Mtoto wa miaka 13 hawezi kuwasemea Wadinka au Wakuku wote, na huenda kumbukumbu zake za nyumbani ni za vita. Toa zoezi moja kwa darasa zima: mgeni akifika kwenu, nani humpokea, hupewa nini kwanza, huketi wapi? Nusu ukurasa inatosha. Karatasi zisiwe na majina, na uzichanganye kabla ya kuzisoma.