Mbona picha za kwanjula zimegeuka nyekundu?

SWALI: Habari zenu. Niko Jinja, kwanjula yetu (sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe) ilikuwa 2021, jamaa wa stodio akatuprintia picha kwa hizi printa za wino akaapa zitakaa miaka 100. Moja tuliitundika sebuleni bila kioo, inatazamana na dirisha, sasa mama mkwe na gomesi yake ya buluu (lile gauni la Kiganda) wamekuwa wekundu kama vumbi la barabarani! Za siku ileile zilizo kwenye albamu bado safi kabisa. Na ile ya harusi ya wazazi wangu ya 1971, nyeusi na nyeupe, iko ukutani hadi leo. Tumeibiwa ama? Mama Aisha

JIBU: Pole sana Mama Aisha. Kuibiwa sisemi, ila mliuziwa nusu ya habari. Hiyo miaka 100 ni hesabu ya maabara, kule Marekani kuna Henry Wilhelm ambaye kazi yake ni kupima mambo haya miaka na miaka, na yeye anahesabu picha ikiwa ndani ya kioo, mwanga wa luksi 450 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa saa 12 kila siku, tena wino fulani kwa karatasi fulani. Sasa jua letu la saa sita linafika luksi 100,000 huko nje, hata likipungua dirishani bado picha yako imekula mwanga wa kutosha.

Lakini jua silishuku peke yake. Huo wekundu ndio unaonishtua. Printa inachanganya sayani (buluu-kijani), majenta (wekundu wa zambarau) na njano, na kwa wino wa dai, yaani rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, gesi ya ozoni iliyo hewani huwa inakula sayani mapema, buluu inaondoka, unabaki na wekundu. Karatasi ya glosi inayokauka papo hapo ina vitundu vidogo sana, ndivyo vinanywa wino haraka na ndivyo hivyohivyo vinaruhusu hewa kuingia. Hata Epson wenyewe, watengenezaji wa printa, mwaka 2000 yaliwakuta, picha za printa yao ya Stylus Photo 1270 za watu wengine zikawa rangi ya chungwa ndani ya wiki chache tu. Albamu imezificha zako mwanga na hewa, basi. Na ya wazazi ni chembe za madini ya fedha, si wino, usizilinganishe.

Cha kufanya, muulize huyo jamaa kama faili bado analo, akikosa, skani ile picha ya albamu. Printi upya kwa wino wa pigimenti (wa chembe za rangi zisizoyeyuka), au ioshwe kwa dawa kwenye maabara ya picha, na kama mtu anajaza printa wino wa chupa wa bei poa usiojulikana, wewe ondoka tu. Weka kioo, ila kisigusane na picha maana unyevu wa ziwa hapo Jinja utaigandisha kiooni, halafu hamishia ukuta ambao jua haliufikii.

Ile ya albamu usiitundike hata mama mkwe akiomba, mpe kopi.