Nyumba 200 mpya: faida au mzigo?

SWALI: Niko kwenye kamati ya mipango ya mji. Mwekezaji anataka kujenga nyumba 200 pembezoni. Jedwali lake limechukua kodi ya majengo ya nyumba hizo, likatoa wastani wa gharama za huduma kwa kila mkazi, na faida ikaonekana nono. Tuliamini?

JIBU: Bado. Kasoro iko kwenye huo wastani, kwa sababu gharama za huduma hupanda kwa ngazi. Chukueni shule. Kila nyumba ikileta nusu mwanafunzi kwa wastani, hao ni wanafunzi 100. Shule yenye nafasi 120 wazi itawapokea kwa kuongeza walimu na madawati tu. Ikiwa imejaa, kwa watoto 40 darasani mtajenga vyumba vitatu; cha tatu kitabaki nusu tupu, nanyi mmekilipia chote. Kwa hiyo ulizeni kila idara mambo mawili: uwezo wa mwisho na matumizi ya sasa. Kwa pampu ya maji, matumizi yapimwe saa za watu kuoga na kupika, maana wastani wa siku nzima huficha upungufu.

Kisha fungueni ramani. Viwanja 100 vya upana wa mita 30, vikipangwa pande mbili za barabara, vinadai mita 1,500 za barabara, bomba na mtaro. Vikiwa vya mita 15, mita 750 zinatosha. Idadi ya kaya ni ileile, urefu wa kutunza ni nusu. Mimi ningeanza kubishana hapa kabla ya kugusa viwango vya kodi.

Mwekezaji atasema barabara anajenga mwenyewe na kuwakabidhi bure. Anachowakabidhi ni matengenezo. Lami huhitaji tabaka jipya baada ya miaka 15 hadi 20 hivi, wakati ada za vibali na za kuunganisha maji zilishaingia mara moja na, aghalabu, zikaishia kwenye mishahara. Tenganisheni mapato ya mara moja na ya kila mwaka. Kama tabaka jipya litagharimu 900,000 na lami inadumu miaka 15, andikeni 60,000 upande wa matumizi tangu mwaka wa kwanza, hata kama shimo la kwanza halijaonekana. Mfumuko wa bei utaongeza kiasi hicho, basi kipitieni kila bajeti.

SWALI: Na ajira 80 za maduka yatakayojengwa hapo?

JIBU: Toeni kwanza zile zitakazohama. Duka likifunga mlango mjini na kufungua pembezoni na wauzaji walewale, ajira mpya ni sifuri, na fremu iliyoachwa wazi huenda ikashusha kodi mnayokusanya katikati ya mji. Kama mwekezaji ameomba msamaha wa kodi, gawanyeni jumla ya msamaha kwa ajira zilizobaki, si kwa 80.